Nimesoma kozi ya wasaidizi wa kisheria, huu ndo ukweli wake kabla hujalipa

Wengi mnaonifuata pembeni mna swali moja tu, hii kozi inalipa au hailipi, basi naanza na hapo hapo. Kama unatafuta mshahara, hailipi. Kama unataka mtu akija na karatasi zake ujue umpeleke mlango gani na kabla ya tarehe gani, aisee laki na nusu yako haijaenda bure. Nina sifa na malalamiko kwa pamoja kwa hiyo vumilieni, itakuwa ndefu.

Mimi nina steshenari hapa Morogoro, karibu na mahakama ya mwanzo. Fotokopi, kuchapa, pasipoti saizi, kuskani, hizo ndo kazi zangu. Sasa ukikaa karibu na mahakama wateja wako ni wale wale, mtu anaingia anasema naomba unichapie barua ya malalamiko, namuuliza mama inaenda kwa nani, ananijibu andika tu mwanangu, popote watakaponisikiliza. Hapo ndo wanapopigwa, maana jirani yangu mmoja kwenye biashara hii hii (steshenari yake sitaitaja na yeye anajijua) alishageuka wakili kishoka, anamchapia mtu makaratasi matatu ya kiingereza cha kuokoteza anachaji elfu hamsini, ukiyasoma hayana hata jina la mahakama. Nikasema mimi nitaenda kusoma niijue hii kitu vizuri.

Jina la taasisi iliyotufundisha siliweki, nakutana nao kila wiki na sitaki maneno. Ila nitasema kila kitu kingine.

Tuanze na lile tangazo lao. Limebandikwa mpaka stendi ya Msamvu, limeandikwa AJIRA kwa herufi kubwa, eti fani yenye soko, kuwa mwanasheria wa jamii ndani ya wiki tatu. Hapo naomba nisimame kidogo. Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 1 ya mwaka 2017 msaidizi wa kisheria sio mwanasheria na sio wakili. Unaelimisha, unasikiliza, unaelekeza, unamsaidia mtu kujua ajaze fomu gani, unawashauri wanaogombana wapatane au unawaelekeza kwenye vyombo vya usuluhishi, kesi nzito unaipeleka kwa wakili anayetoa msaada. Kusimama mahakamani ukaongea kwa niaba ya mtu hapana. Kumchaji yule uliyemsaidia hapana, ndo maana inaitwa msaada. Na huwezi kujifungulia tu kimeza chako chini ya mwembe, unatakiwa uwe umesajiliwa na ufanye kazi kupitia taasisi ambayo nayo imesajiliwa kwa msajili aliyepo Wizara ya Katiba na Sheria. Sasa mtu ukimwambia ajira halafu siku ya pili darasani ndo anasikia hakuna kuchaji, niliona kijana mmoja wa mbele yangu amefunga daftari lake kabisa akawa anaangalia dirishani. Alikuwa ameuza simu yule apate ada. Hii haikuwa haki na niliwaambia siku ile ile, wakanijibu tangazo lilitengenezwa na mtu wa masoko. Mtu wa masoko, jamani, kwenye shirika la haki!

Darasani penyewe. Siku za mwanzo zilikuwa za kulala. Projekta, haki za binadamu, historia ya haki za binadamu, aina za haki za binadamu, ibara ya 13 ya Katiba imesomwa kwa sauti kama ubeti wa ngonjera, sikatai ni muhimu watu wote kuwa sawa mbele ya sheria, lakini hakuna bibi atakayekuja ofisini kuniuliza aina za haki za binadamu. Anakuja kuniuliza shamba. Chai ya saa nne ilikuwa nzuri, chapati moto, hilo nawapa.

Vijitabu sasa. Mimi ni mtu wa fotokopi kwa hiyo niliumia mara mbili, kwanza ilikuwa kopi ya kopi ya kopi, kurasa nyingine mistari ya chini imekatika kabisa, nilitamani niwaambie nileteeni orijino niwafanyie bei ya jumla. Lakini kubwa zaidi ni kilichoandikwa ndani. Kwenye sura ya ardhi bado wameandika baraza la kata linasikiliza na kuamua migogoro ya ardhi isiyozidi milioni tatu. Hiyo ilikuwa zamani! Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi hukumu ya ardhi tena, kazi yake ni kusuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Fikiria mtu katoka kwenye kozi kama hii na cheti chake, anaenda kumwambia mzee wa Mvomero asubiri hukumu ya baraza la kata. Mzee atasubiri mpaka mahindi ya jirani yaote kwenye shamba lake mara tatu. Mwalimu wa siku ile alipoulizwa alisema tufute tu kwa kalamu. Basi watu wote darasani tukafuta kwa kalamu.

Na ardhi ndo walipoiharakisha kuliko zote, sijui kwa nini. Huu ni mkoa wa Morogoro, Kilosa na Mvomero kila mtu anajua habari za wakulima na wafugaji, vijiji vina mipaka inayogombaniwa, watu wanauziana mashamba kwa karatasi ya daftari na mashahidi wawili ambao mmoja keshafariki. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, tulizipita kwa asubuhi moja. Hatimiliki ya kimila, ile hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, ilielezwa kwa slaidi moja. Ile habari kwamba ukikaa kimya miaka 12 bila kudai ardhi yako iliyochukuliwa muda wako wa kushtaki unakuwa umeisha, niliisikia kwa sababu kuna mzee aliuliza, haikuwa hata kwenye slaidi.

Haya, sifa sasa. Wiki ya pili aliletwa mama mmoja hakimu mstaafu na yule mama peke yake ndo ada yangu yote. Nasema kweli. Kama mnataka kulipia hii kozi ulizeni kwanza kama bado anafundisha.

Kwanza hakuwa na projekta. Aliingia amevaa kitenge, kajitanda khanga kichwani, ameshika mfuko wa rambo umejaa makaratasi, akakaa kwenye kiti mbele yetu akaanza kulia. Tukashtuka. Kumbe ndo igizo limeanza, yeye ni mjane kutoka kijijini na sisi ndo wasaidizi wa kisheria, haya tumsaidie. Kijana wa kwanza (huyu huyu aliyeuza simu) akasema shikamoo mama, pole, nenda mahakamani. Mama akaacha kulia akamwangalia, "Marahaba. Mahakama ipi mwanangu? Ya mwanzo, ya wilaya, au ya baba yako?" Darasa zima chini. Mwingine akaanza kumwelezea haki za wanawake, mama akamwambia asante kwa hotuba ila gari la kijijini linaondoka saa nane.

Halafu akamwaga ule mfuko mezani. Cheti cha kifo kilikuwemo lakini kimekunjwa ndani ya risiti ya mbolea. Picha ya harusi. Kadi ya kliniki ya mtoto. Karatasi ya kununulia shamba ina dole gumba tatu na tarehe imeandikwa kwa kalamu ya rangi tofauti na maandishi mengine. Na barua kutoka kwa shemeji inayosema ukoo umekaa umeamua shamba ni la ukoo. Akatukataza kutoa ushauri wowote, tupange kwanza zile karatasi kwa tarehe, ya zamani chini, mpya juu, na tuandike kwenye daftari kila karatasi inasema nini, sio sisi tunadhani nini. Ilichukua karibu saa nzima na watu walinung'unika, lakini tulipomaliza ilionekana wazi shamba lilinunuliwa baada ya ndoa na kwamba hicho kikao cha ukoo kina tarehe ya kabla ya msiba! Mume hajafa ukoo umeshagawa. Hiyo kitu hakuna aliyeiona wakati karatasi zimechanganyika.

Kutoka hapo ndo akaingia kwenye mirathi yenyewe na sasa kila mtu anaandika. Marehemu ambaye mambo yake yanafuata mila au dini ya kiislamu, mirathi inafunguliwa mahakama ya mwanzo, unajaza Fomu Namba 1, unaambatanisha cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo unaosema nani mmempendekeza. Akasisitiza mpaka tukachoka kwamba ule muhtasari ni wa kupendekeza msimamizi, sio wa kugawana mali, na msimamizi sio mrithi, ni kibarua wa warithi. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 5, halafu hesabu ya namna alivyogawa, Fomu Namba 6. Hapa nilijifunza kitu cha kwenye kaunta yangu mwenyewe, wateja wangu wengi wakishapata barua ya usimamizi wanakuja kuifanyia lamination wanaitundika, wanadhani kazi imekwisha, wengine wanaanza kuuza nyumba wiki hiyo hiyo. Siku hizi mtu akija na barua ya usimamizi namuuliza fomu namba tano umeshapeleka? Nusu yao wananiangalia kama nimewatukana.

Ndoa pia alifundisha yeye. Ile kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, kila semina ya wanawake wanaitaja, kwamba Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ni kweli, na ndo msingi wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 unavyotumika mpaka leo. Ila mama akasema watu wanasimulia nusu, Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa, hakuondoka na kitu, kwa sababu zile hela alizowahi kupewa na mumewe nazo zilihesabiwa na jinsi alivyozitumia. Kwa hiyo mteja wako usimwambie utapata nusu kwa nusu, mwambie mahakama itaangalia mchango wa kila mmoja, kakusanye ushahidi wako. Hakuna mwalimu mwingine aliyetupa habari mbaya namna hiyo na ndo nilimpendea. Akatukumbusha na kwamba kesi ya talaka kwa kawaida haianzi mahakamani, inaanza baraza la usuluhishi la ndoa, iwe la kata au la dini, wakishindwa ndo wanatoa Fomu Namba 3 unaenda nayo. Nimeshaona watu wamelipia hati ya kuombea talaka kwa kishoka na haina hiyo fomu, inarudi.

Mambo ya kazi yalipewa mchana mmoja, na mwalimu alichelewa. Jamani mkoa una mashamba ya miwa Kilombero na Mtibwa, una viwanda, vibarua kibao, mchana mmoja! Kitu kimoja cha maana nilichotoka nacho ni siku 30. Umeachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kujaza fomu yao ya kwanza, CMA F1, madai mengine ni siku 60. Ukichelewa inabidi uanze kuomba kuongezewa muda na ueleze kwa nini ulichelewa, na "nilikuwa nasubiri bosi atulie hasira" sio sababu. Hicho kimoja tu nimeshawaelekeza watu wengi kaunta kuliko kitu kingine chochote cha kwenye kozi.

Mafunzo kwa vitendo yalikuwa mazuri ila mafupi. Tulipelekwa mahakama ya mwanzo, tukakaa kwenye mabenchi ya nyuma kimya, tukaenda baraza la ardhi na nyumba, tukaenda dawati la jinsia na watoto polisi, kwa afisa ustawi wa jamii kuona mambo ya matunzo ya mtoto yanavyoanza. Karani mmoja wa mahakama alitueleza kitu ambacho hakipo kwenye kijitabu, kwamba mtu akishindwa kesi asiende nyumbani kulia wiki tatu, rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30 na nakala ya hukumu unaiomba siku ile ile kwa maandishi, ubaki na kopi yenye muhuri. Yule karani alitufundisha kwa dakika kumi amesimama mlangoni na faili kwapani kuliko mtu wa projekta siku nzima.

Kompyuta hakuna. Sifuri. Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki zipo tangu 2018, mawakili wanafungua kesi kwenye mfumo, sisi tunafundishwa kana kwamba dunia nzima ni faili la kamba. Mimi sikuteseka kwa sababu kompyuta ndo ugali wangu lakini wenzangu je.

Sasa baada ya cheti. Wanakuunganisha na kituo, na kituo ni chumba kimoja ofisi ya kata, meza, benchi, daftari kubwa la kusajili wateja. Unajitolea siku kadhaa kwa wiki. Mradi ukiwepo kuna posho ya nauli, mradi ukiisha kuna asante. Kipindi cha kampeni ile ya Mama Samia ya msaada wa kisheria iliyoanza 2023 mambo huwa moto, mahema yanafungwa, wanasheria wanakuja, watu wanapanga foleni tangu asubuhi na ukifanya kazi siku moja pale unajifunza mengi, tena bure. Mahema yakiondoka wale wale waliokosa namba wanakuja kwako na wewe una daftari na kalamu tu. Mimi naweza kwa sababu nina steshenari inayonilisha, pale kituoni nimekutana na mwalimu mstaafu, mama mwenye genge, mwenyekiti wa mtaa wa zamani, wote wana kitu kingine mkononi. Kijana wa miaka 22 anayetafuta pa kuanzia maisha hii usimshauri kama kazi, mshauri kama kuongeza uzoefu.

Kama ni kazi hasa mnayoitaka, ya kukaa ofisini kwa wakili au kuomba nafasi mahakamani, hela hiyo anzeni kuiweka kwa ajili ya astashahada ya sheria halafu diploma. Kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na vyuo vingine vinavyotambulika vipo, hakikisha tu kwanza chuo kina usajili. Binti wa dada yangu alipita Lushoto, baridi anasema ilimkomesha lakini sasa yuko ofisi ya mawakili Dar, anaandaa nyaraka, anafuatilia tarehe za kesi, anapeleka wito, anapokea mshahara mwisho wa mwezi kama watu wengine. Hiyo ndo fani lile tangazo la stendi lilikuwa linaongelea, ila sio wiki tatu. Ndugu zangu wa Zanzibar na nyie mna sheria yenu ya msaada wa kisheria ya 2018, msinunue cheti cha huku mkadhani kinawatosha, ulizeni kwanza kwenu.

Mkiamua kulipa, muulizeni anayekupokea hela mtaala wao umeidhinishwa na nani, na taasisi yenyewe imesajiliwa kwa msajili au inasajiliwa kesho, ombeni kukiona kijitabu na mfungue ukurasa wa baraza la kata muone kama milioni tatu bado ipo. Ulizeni siku za vitendo ni ngapi. Na risiti, jamani dai risiti, mimi pale mwanzo nilipewa kipande cha karatasi kimesainiwa na mlinzi.

Nyota ningewapa tatu kwa tano, na kati ya hizo mbili ni za mama hakimu na moja wagawane karani na chapati. Cheti kilichelewa sana kutoka, tukaambiwa kuna elfu thelathini ya kitambulisho ambayo haikuwa kwenye tangazo, nikalipa kwa shingo upande. Halafu wakataka na elfu tano ya lamination. Hiyo msilipe, kwangu ni buku jero.